Lodwar na Kakuma: Nani Ana Nafuu, Mwenyeji au Mkimbizi?

Kati ya mwenyeji wa Turkana na mkimbizi aliyehifadhiwa katika kaunti yake, ni nani mwenye nafuu ya maisha? Swali hili limezua mabishano kwa zaidi ya miaka thelathini. Wenyeji wengi husema mkimbizi anapewa chakula, shule na dawa bure, ilhali wao wanalala njaa katika ardhi ya babu zao. Mkimbizi naye husema mwenyeji angalau ana kitambulisho, ana mbuzi, na akitaka kupanda basi kwenda Kitale haombi ruhusa kwa mtu. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana jibu halipatikani kwa kusikiliza upande mmoja.

Makala haya yanaiweka kwenye mizani miji miwili: Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na Kakuma, mji uliokua kwa sababu ya kambi ya wakimbizi. Kwa msomaji wa Pwani, habari hii haiko mbali kama ramani inavyoonyesha. Chakula cha msaada kinachokwenda Kakuma hushushwa katika bandari ya Mombasa. Mafuta ghafi ya Turkana yaliletwa Changamwe kwa malori. Na wako wakimbizi waliofika Kakuma wakitokea kambi zilizokuwa hapa hapa kwetu.

Miji miwili, historia moja

Turkana ni miongoni mwa kaunti kubwa zaidi nchini kwa eneo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976. Lodwar, iliyo kando ya Mto Turkwel, ilikuwa na wakazi zaidi ya 80,000. Ukitoka hapo kwa barabara kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, mwendo wa kilomita 120 hivi, unafika Kakuma, kando ya mto wa msimu uitwao Tarach. Kambi ya Kakuma pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei zina watu wanaokaribia laki tatu. Maana yake ni kwamba wakimbizi ni wengi kuliko wakazi wa makao makuu ya kaunti, zaidi ya mara tatu.

Enzi ya ukoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali, na mwenyeji hakutoka apendavyo. Waingereza waliitumia kama mahali pa kuwatupa watu waliowaogopa. Jomo Kenyatta alishikiliwa Lokitaung, kisha akawekwa kizuizini Lodwar kati ya 1959 na 1961. Uhuru ulipopatikana, hali haikubadilika sana. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965 uliamua pesa za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye rutuba na mvua, kwa matumaini kwamba faida itafikia wengine baadaye. Maeneo kame yakasubiri. Barabara haikuja, shule zikawa chache, hospitali zikawa za wamishonari.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992. Wa kwanza walikuwa maelfu ya vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu, wengi wao bila wazazi, baada ya kufukuzwa na vita nchini mwao na tena Ethiopia walikokuwa wamejificha. Wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waganda. Leo walio wengi ni Wasudan Kusini. Kiswahili ndicho lugha ya soko kwa wengi, maana Wakongo na Warundi wengi walikuja nacho, na Mturkana anayeuza kuni hujifunza cha kutosha kupatana bei.

Pesa ya Lodwar inatoka wapi

Ukiuliza nani anaiendesha Lodwar, jibu fupi ni serikali ya kaunti. Kabla ya ugatuzi kuanza 2013, Lodwar ilikuwa kituo cha mkuu wa wilaya, maduka machache na soko la mifugo. Baada ya hapo zikaja ofisi, mishahara, zabuni, hoteli na nyumba za kupanga. Mgao wa Turkana kutoka hazina ya kitaifa ni miongoni mwa mikubwa zaidi nchini. Katika mwaka wa kifedha wa 2021/22, ulikuwa takriban Sh12.6 bilioni. Pesa hiyo ikiingia kwa wakati, Lodwar huchangamka. Ikichelewa Nairobi, wenye maduka huuza kwa daftari na makandarasi hukimbiwa na vibarua.

Nje ya ofisi, uchumi wa asili bado ni mifugo: mbuzi, kondoo, ngamia, punda na ng'ombe. Mifugo kwa Mturkana ni benki, ni mahari, ni bima. Ila benki hii haina ulinzi. Ukame wa kuanzia 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, uliua mamilioni ya mifugo katika kaunti kame za Kenya. Mtu aliyekuwa na mbuzi mia akabaki na kumi, na kumi hawatoshi kulisha watoto. Aliyepoteza mifugo huhamia kando ya mji, achome makaa, abebe maji au asuke.

Usukaji huu mwanamke wa Lamu angeutambua mara moja. Huko hutumia makuti ya mkoma, na kazi ni ile ile: kuchana, kukausha, kutia rangi, kusuka kikapu au mkeka siku kadhaa, kisha kukiuza kwa bei anayoitaja mnunuzi. Faida kubwa humwendea anayekisafirisha hadi Nairobi.

Kuna pia ziwa. Samaki wa Ziwa Turkana hukaushwa Kalokol na kusafirishwa mbali, wengine hadi Kongo. Na kuna msaada wa serikali wa kupambana na njaa, ambao tangu mwisho wa miaka ya 2000 umewapa maelfu ya familia maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera pesa taslimu. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa Sh5,400 kila miezi miwili. Kwa hivyo anayedhani ni mkimbizi pekee anayeishi kwa msaada hajauliza Lodwar.

Mafuta nayo yalileta matumaini makubwa. Machi 2012 kampuni ya Tullow ilitangaza kuyagundua katika kisima cha Ngamia 1, kusini mwa Turkana. Juni 2018 malori yakaanza kuyabeba kutoka Lokichar hadi Changamwe. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka Mombasa. Baada ya mvutano mrefu, sheria ya petroli ya 2019 iliweka mgawanyo wa asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya eneo. Lakini hiyo ni asilimia ya mapato ambayo mwananchi wa kawaida bado anayasubiri, na bomba la kwenda Lamu limebaki kwenye michoro.

Pesa ya Kakuma inatoka wapi

Kakuma chanzo chake ni kingine. Msingi ni mgao wa chakula wa Shirika la Chakula Duniani, WFP, na huduma zinazosimamiwa na UNHCR pamoja na mashirika mengine. Zamani chakula kilitolewa kwa mikono: mtama, unga, mbaazi na mafuta ya kupikia. Asiyependa mtama aliuza sehemu apate sukari au nyama. Wenyeji walikuwa wanunuzi wazuri wa chakula hicho, kwa kuwa kilikuwa rahisi kuliko cha dukani.

Mwaka 2015 ukaja mpango wa Bamba Chakula. Mkimbizi alipewa laini ya simu iliyotiwa pesa ambayo haiwezi kutolewa taslimu. Ilikuwa ya kununulia chakula tu, na kwa wenye maduka walioidhinishwa. Hatua hii ilibadilisha soko. Chakula kikaacha kuja chote kwa lori la msaada, sehemu yake ikaja kwa lori la mfanyabiashara. Waliopata leseni ya Bamba Chakula walipata wateja wa hakika kila mwezi, na biashara zao zikapita za wengine kwa mbali. Wenyeji pia walipewa leseni hizo, wala hazikuwa za wakimbizi peke yao.

Utafiti uliotolewa 2018 na tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia biashara binafsi, IFC, ulikadiria matumizi ya familia za Kakuma kuwa Sh5.8 bilioni kwa mwaka, na ukahesabu biashara zaidi ya 2,000. Ziko saluni, mikahawa ya Kiethiopia, maduka ya vitambaa ya Wakongo, mabucha, vituo vya kuchaji simu, jenereta za kuuza umeme kwa majirani, na maghala ya jumla yanayoagiza mali Kitale, Eldoret na Nairobi. Benki ya Equity ina tawi hapo. Mji wa namna hii si wa kuuita kambi tu.

Pesa nyingine hutoka kwa jamaa walioko ng'ambo. Aliyehamishiwa Marekani, Canada au Australia hakumbuki tu nyumbani, hutuma. Wasomali wana mitandao ya hawala iliyokuwapo kabla ya benki kufika. Ndiyo sababu ndani ya kambi moja kuna mfanyabiashara anayeajiri watu na kuna mama asiye na chochote ila mgao.

Halafu kuna kazi za mashirika. Mkimbizi anayefundisha shule au kusaidia zahanati haitwi mwajiriwa. Hupewa kile kinachoitwa posho ya motisha, ambayo ni sehemu ndogo ya mshahara wa Mkenya anayefanya kazi hiyo hiyo. Mwalimu wa aina hii anaweza kuwa na cheti kizuri na uzoefu wa miaka kumi, na bado apokee chini ya Mkenya aliyeajiriwa jana.

Kwenye mizani

Tuanze na umaskini. Takwimu za kitaifa za 2015/16 ziliiweka Turkana mwisho kabisa nchini: watu 79.4 kati ya kila mia walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Wastani wa Kenya ulikuwa 36.1. Ili msomaji wa Pwani apate picha, Tana River ilikuwa na 62.2, Kwale 47.4, Kilifi 46.8, Lamu 28.5 na Mombasa 27.1. Yaani hata Tana River, kaunti yetu maskini zaidi, ilikuwa mbele ya Turkana kwa mbali.

Wakimbizi walipimwa baadaye. Utafiti wa Benki ya Dunia na UNHCR uliofanywa Kakuma 2019 ulionyesha takriban asilimia 68 wakiishi chini ya dola 1.90 kwa siku. Wenyeji wa Turkana, kwa kipimo hicho hicho cha kimataifa, walipita asilimia 70. Kwa hivyo tofauti ni ndogo. Wote wako shimoni, mmoja ameshika ngazi kidogo.

Kazi ndiyo inayogeuza picha. Utafiti huo ulikuta takriban mtu 1 kati ya 5 wa umri wa kufanya kazi Kakuma ana kazi. Kwa wenyeji wa Turkana walikuwa zaidi ya 3 kati ya 5. Mwenyeji ana kazi nyingi zenye kipato kidogo: kuchunga, kuuza kuni, kubeba mizigo. Mkimbizi ana kazi chache, lakini tumbo linashikiliwa na mgao. Ukiuondoa mgao, mkimbizi huporomoka chini ya mwenyeji papo hapo. Hapo ndipo lilipo jibu la nusu ya swali letu: nafuu ya mkimbizi ni ya kukopeshwa. Aliyempa anaweza kuichukua.

Huduma ni upande wa tatu. Kwa muda mrefu shule na hospitali za kambini zilikuwa bora kuliko za vijiji jirani, na hospitali ya Ammusait mjini humo hutibu wakimbizi na wenyeji. Lodwar ina hospitali ya rufaa ya kaunti na chuo kikuu kishiriki. Anayeumia zaidi ni Mturkana wa kijijini, ambaye yuko mbali na miji yote miwili. Tunapolinganisha Lodwar na Kakuma tusimsahau huyu. Maji yake ni ya kuchimba mchangani, na zahanati yake ni safari ya siku nzima.

Upande wa nne ni haki. Mturkana ana ardhi, ingawa ni ya jamii na iko chini ya uangalizi wa kaunti. Ana kitambulisho, anapiga kura, anaweza kukopa benki na kusajili biashara. Mkimbizi, kwa miaka mingi, hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali cha kusafiri. Kusajili laini ya simu au M-Pesa kulikuwa tabu. Kufuga mifugo alikatazwa na kukata kuni porini pia, ili kuepusha ugomvi na wenyeji. Mfanyabiashara wa Kakuma anayetaka kwenda Eldoret kuchagua mali huanza na foleni ya kibali, au humtuma Mkenya na kumlipa. Gharama hiyo huingia kwenye bei ya sukari.

Hebu tazama jinsi historia inavyozunguka. Kibali alichodaiwa babu wa Mturkana na mkoloni ndicho anachodaiwa mkimbizi leo, katika ardhi ile ile. Na madhara ni yale yale: anayezuiwa kutembea huzuiwa kufanya biashara.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Je, mkimbizi amemfukarisha mwenyeji? Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2016 ulijaribu kukadiria Turkana ingekuwaje bila kambi. Jibu lilikuwa kwamba kuwepo kwa wakimbizi kuliongeza uchumi wa eneo hilo kwa zaidi ya asilimia 3. Wafugaji walioishi karibu na Kakuma walipata soko la mbuzi na nyama. Wanawake walipata soko la kuni na makaa, na shirika la wenyeji liitwalo LOKADO likawa linanunua kuni kwa wenyeji na kuzigawa kambini. Vijana wakapata bodaboda. Serikali ya kaunti hutoza ada ya leseni maduka ya wakimbizi.

Lakini methali ile haikusema mwenyeji apone kiasi gani. Mama anayebeba furushi la kuni kutoka porini hadi kambini hulipwa unga wa siku moja. Aliyepata sana ni mwenye ghala, mwenye malori na mwenye nyumba ya kupanga, na mara nyingi huyo si Mturkana wa kawaida. Miti imeisha kuizunguka Kakuma, na kila mwaka mama hutembea mbali zaidi. Ndiyo sababu takwimu zinaonyesha uchumi umekua na bado mwenyeji anahisi kuibiwa. Uchumi kukua ni jambo moja, pesa kumfikia mtu mkononi ni jingine.

Kalobeyei ilikusudiwa kurekebisha hilo. Mwaka 2015 jamii ya Turkana ilikubali kutoa takriban hekta 1,500 kwa makazi mapya yatakayochanganya wakimbizi na wenyeji: shule moja, zahanati moja, soko moja, na vishamba vya mboga. Watu walianza kuhamia 2016. Wazo lilikuwa jema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee. Tatizo ni kwamba jembe lilitolewa mahali pasipo na mvua, na mwenye jembe bado hakuruhusiwa kwenda sokoni mbali. Mboga za Kalobeyei zimesaidia lishe za familia nyingi, ila hazijawatoa watu kwenye mgao.

Miji iliyoachwa na misaada

Anayetaka kujua mwisho wa uchumi wa namna hii asiende mbali. Kaskazini ya Kakuma, karibu na mpaka, kuna Lokichogio. Kuanzia 1989 ilikuwa kituo kikuu cha ndege za msaada kwa Sudan Kusini. Uwanja wake mdogo ulijaa ndege kubwa mchana kutwa. Kulikuwa na hoteli, baa, gereji, madobi na mamia ya kazi. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa saini 2005, mashirika yakahamia Juba. Katika miaka michache mji ukanywea. Wenyeji waliobaki walikuwa hawajajenga kitu kingine cha kujishikia.

Kalokol ni somo jingine. Wanorwe walijenga pale kiwanda cha kugandisha samaki kwa mamilioni ya dola, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa muda mfupi mno. Gharama za kugandisha samaki katika joto lile zilizidi faida, maji safi hayakutosha, na ghuba waliyoitegemea ikakauka. Wafugaji waliovutwa kuwa wavuvi wakabaki hawana mifugo wala samaki. Leo samaki wa Kalokol wanakaushwa juani kama zamani, na njia hiyo ndiyo inayowalisha watu.

Mwaka 2025 ulivyofichua siri

Mapema 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilikata misaada yake ya nje. Kakuma iliumia ndani ya miezi. Mgao ulishuka hatua kwa hatua hadi asilimia 28 tu ya kiwango cha chini kinachohitajika. Pesa ya kwenye simu ikasimamishwa. Kisha WFP ikawagawa wakimbizi katika makundi manne kulingana na hali ya kila familia, na kundi lililohesabiwa kuwa linajiweza likaachwa bila mgao. Kulizuka maandamano kambini, na watu wakaumia.

Kilichofuata sokoni kinafaa kueleweka. Kakuma huishi kwa mkopo. Familia zilikuwa zikichukua chakula dukani mwanzo wa mwezi na kulipa pesa ya Bamba Chakula ikiingia. Wengi waliacha laini au kadi kwa mwenye duka kama rehani. Pesa ilipokatika, deni halikulipika. Mwenye duka akashindwa kumlipa mwenye ghala, na mwenye ghala akapunguza malori kutoka Kitale. Mturkana aliyeuza mbuzi akakuta mnunuzi hana pesa, na mama wa kuni akarudi na furushi lake. Wenyeji waliokuwa wakilalamika kwamba mkimbizi anakula vyao wakaona kwa macho kwamba walikuwa wakila sahani moja.

Mwaka huo huo, tarehe 28 Machi, Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaofuata Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Lengo ni kugeuza Kakuma na Dadaab kutoka kambi hadi makazi ya kawaida, ambapo mkimbizi atafanya kazi, atalipa ushuru na kutumia huduma moja na mwenyeji. Kwa maandishi, ni mpango unaojibu karibu kila kasoro tuliyoitaja. Lakini unazinduliwa wakati mfuko wa misaada umetoboka. Shule na hospitali zilizolipwa na wafadhili zikikabidhiwa kaunti bila pesa, Mturkana ndiye atakayezigharamia kutoka mgao ule ule wa Lodwar. Wenyeji wanauliza pia kuhusu ardhi: mgeni akiwa mkazi, hekta zile zitarudi lini? Hilo ni swali la haki, na linataka jibu la maandishi, si ahadi za jukwaani.

Pwani tunahusikaje

Wazee wa Kisauni na Malindi wanakumbuka. Vita vya Somalia vilipozuka 1991, majahazi yalileta Wabarawa, Wabenadiri na Wabajuni hadi Lamu, Malindi na Mombasa. Walikaa katika kambi za Utange, Swaleh Nguru, Jomvu, Marafa na nyinginezo. Wengi walikuwa ndugu zetu kwa lugha na damu. Walifungua vibanda, walishona, waliuza halua na vitambaa, walioa na kuozesha. Wapo wafanyabiashara wa mjini waliowalalamikia kwa kuuza bei ya chini. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kambi zikafungwa, na waliobaki wakahamishiwa Dadaab na Kakuma. Mvuvi wa Kibajuni aliyezaliwa akiona bahari akajikuta katika vumbi la Turkana, asikoweza kuvua wala kufuga.

Hasara ile ilikuwa ya pande mbili. Yeye alipoteza soko na jamaa. Sisi tulipoteza mafundi na wateja. Kilichomfukarisha hakikuwa uvivu wala ugeni, kilikuwa kupelekwa mahali ambapo ujuzi wake hauna kazi na kufungiwa hapo.

Liko somo la pili. Pwani nasi tunaujua uchumi wa kutegemea mkono wa nje. Watalii walipoacha kuja baada ya ghasia za 2008, na tena wakati wa korona, hoteli za Malindi na Diani zilifunga na vijana wakarudi vijijini mikono mitupu. Mizigo ilipolazimishwa kupanda reli hadi Nairobi, wenye malori na mikahawa ya Mombasa walilia. Lodwar ikingoja hazina, Kakuma ikingoja mfadhili na Malindi ikingoja ndege ya watalii, ni ugonjwa mmoja wenye majina matatu.

Turudi basi kwenye swali. Mkimbizi wa Kakuma alikuwa na nafuu ya chakula, shule na mtaji wa jamaa wa ng'ambo, lakini hana ruhusa ya kuutumia ujuzi wake. Mturkana ana ruhusa zote kwa karatasi, lakini mtaji wake unatembea kwa miguu minne na ukame humla. Kila mmoja anacho anachokikosa mwenzake. Palipoachwa wazi wakutane sokoni, wote wawili walisogea. Palipofungwa, wote wawili walidumaa.

Kwa hivyo mwenye nafuu Turkana si Mturkana wala mkimbizi. Ni yule mwenye vitu vitatu kwa pamoja: mtaji, ruhusa ya kutembea, na mteja mwenye pesa. Watu wa namna hiyo ni wachache mno katika miji yote miwili. Mpango wowote utakaokuja, uwe umeitwa Shirika au jina jingine, upimwe kwa hesabu hiyo: mama wa kuni na mwalimu wa posho ya motisha wamesogezwa karibu na vitu vitatu hivyo, au wamebaki pale pale?